Kabla ya Kusamehe, Lisome Jalada



Shukrani zote ni za Allah Subhanahu wa Taala, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao ndio wasomaji wakubwa wa safu hii, wiki hii tumeona tuyaache tuliyokusudia kuyaandika tuseme juu ya jambo lililotufika wenyewe.

Baada ya darsa ya akina mama hapa Madogo, bibi mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Alingoja hata vijana wakamaliza kukunja mikeka, kisha akasema: "Sheikh, kaka zangu wanataka niwasamehe haki yangu katika mirathi ya baba. Wanasema mambo ya mahakamani yalikwisha zamani, na mimi nina mume wa kunitunza. Je, nikisamehe nitapata thawabu?"

Tukamwuliza haki yake ni kiasi gani. Hakujua. Marehemu aliacha nini? Alitaja ng'ombe, shamba la ukingoni mwa mto na pesa za kazi, asizojua zilikuwa ngapi wala zililipwa kwa nani. Mahakama gani iliyolimaliza jambo hilo? Akasema, "Garissa, nadhani. Au Hola." Na msimamizi wa mirathi ni nani? "Nadhani ni kaka mkubwa."

Wasomaji wetu, kusamehe ni tabia njema, nasi hatutamkataza mtu kheri. Lakini katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, kusamehe kitu ambacho kiasi chake hakijulikani hakusihi. Mwenye kusamehe sharti ajue anasamehe nini, kwa hiari yake na bila ya kutishwa wala kuonewa haya. Mwanamke aliyeambiwa tu kwamba "yamekwisha", akatikisa kichwa mbele ya wazee kwa kustahi, hajasamehe kitu. Amenyamaza tu, na haki yake ingali shingoni mwa aliyeichukua.

Kwa hiyo tulimwambia: kwanza twende tukalisome jalada, kisha ndipo uulize habari ya thawabu. Alitutazama kwa mshangao akasema, "Kwani mtu kama mimi huruhusiwa kulisoma?" Neno hilo ndilo lililotutia hamu ya kuandika makala haya, kwa sababu tunaamini wako wengi wanaodhani kwamba jalada la mahakama ni mali ya yule aliyelifungua. Sivyo. Jalada la mirathi ni kumbukumbu ya mahakama, na mrithi ana haki ya kwenda masjala, akaonyesha kitambulisho chake, akalipa ada ya kupekua, akakaa akalisoma, na akaomba nakala. (Ada ilipwe kwa njia ya mahakama yenyewe, na risiti idaiwe. Asiyetoa risiti si wa kupewa pesa.)

Mwanzo wa shida kwetu sisi watu wa Madogo ni kujua jalada liko wapi. Tuko katika kaunti ya Tana River, lakini Garissa tunaiona ng'ambo ya mto, na mtu huvuka daraja asubuhi akarudi kabla ya adhuhuri, ilhali Hola, makao makuu ya kaunti yetu, ni safari ya kuteremka na mto, na Garsen iko mbali zaidi. Basi familia moja hufungua shauri lake Garissa kwa sababu ni karibu, nyingine Hola kwa sababu marehemu alikuwa na mali huko, na nyingine hupelekwa Garsen, ambako pia kuna Mahakama Kuu kama ilivyo Garissa. Anayetafuta asichoke kwa kukosa mahali pa kwanza.

Jambo la pili ni kwamba milango ya mirathi ya Mwislamu nchini Kenya ni zaidi ya mmoja. Uko mlango wa Kadhi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 170, imempa Kadhi kuamua mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na wote wamekubali kuhukumiwa naye. Uko pia mlango wa Mahakama Kuu, na wa mahakimu kwa mali isiyopita kiwango chao. Wengi hudhani kwamba mrithi akienda Mahakama Kuu ameikimbia sharia. Si lazima iwe hivyo. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, iliwakera sana Waislamu kwa sababu iliwakusanya wote katika mgao mmoja. Baada ya malalamiko ya miaka mingi ilirekebishwa mwaka 1990, na tangu hapo mali ya Mwislamu hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu hata anapokaa jaji wa Mahakama Kuu. Kilichobaki katika sheria ile kwetu sisi ni taratibu za usimamizi, kwa kadiri zisivyopingana na dini yetu.

Kwa ajili ya milango hiyo, huenda marehemu mmoja akawa na majalada mawili, moja kwa Kadhi la kuwajua warithi na mafungu yao, na jingine Mahakama Kuu au kwa hakimu la kupata hati ya usimamizi ambayo benki na ofisi ya ardhi huitaka. Ukionyeshwa moja, uliza kama kuna la pili.

Katika masjala, jalada hutafutwa kwa jina la marehemu, si la aliyefungua, na kwa mwaka lililofunguliwa. Mwaka wa kifo si lazima uwe ndio mwaka wa jalada, kwani wengine hukaa miaka kumi ndipo waende. Hapo ndipo majina yetu yanapotutesa. Mtu mmoja ni Mohamed katika kitambulisho, Muhammad katika cheti cha kifo, na Mohammed katika barua ya chifu. Kijijini anajulikana kwa lakabu ambayo karani hajapata kuisikia. Nenda na jina kama lilivyo katika kitambulisho chake na katika cheti cha kifo, pamoja na namba ya kitambulisho ukiipata. Majalada ya miaka ya karibuni yana namba zinazoanza na herufi E, kwa kuwa hufunguliwa kwa kompyuta. Ya zamani yamo katika daftari kubwa za mkono, na karani mwenye subira ni neema. Wetu alikuwa na subira. Alilipata jalada mara ya tatu, kwa herufi ambayo hata bibi yule hakujua kwamba jina la babake liliwahi kuandikwa hivyo.

Waliopoteza karatasi zao katika mafuriko ya 2023 na ya 2024, maji yalipoikata barabara pale Kona Punda na kuingia majumbani, wajue kwamba karatasi ya nyumbani ikioza, ile ya mahakama haikuoza. Ombeni nakala iliyothibitishwa kwa muhuri.

Sasa jalada liko mezani. Mtu asiyezoea huona rundo la karatasi za Kiingereza akataka kulifunga. Asilifunge. Aende na kijana anayesoma Kiingereza, mwanawe au jirani mwaminifu, na atafute karatasi chache tu.

Kwanza hati ya kiapo ya aliyeomba usimamizi. Humo mwombaji ameapa, akataja warithi wote kwa majina, umri na uhusiano wao na marehemu, na akaorodhesha mali na madeni. Hiyo ndiyo roho ya jalada. Soma majina moja moja kwa kidole. Mtazame mke, na kama walikuwa wawili waonekane wawili, kwa maana thumuni moja huwakusanya wote. Mtazame mama wa marehemu, ambaye husahauliwa kwa sababu ni mzee na hasemi. Watazame mabinti walioolewa mbali, na watoto wa mke aliyeachwa. Kama mjane alikuwa na mimba, mtoto aliye tumboni naye huwekewa fungu lake. Katika mali, tazama kilichoachwa nje. Na katika madeni, enyi wajane, tafuteni mahari yenu. Mahari ambayo hayakulipwa ni deni la marehemu. Hulipwa pamoja na madeni mengine kabla ya wasia na kabla ya mtu yeyote kupewa fungu, na sisi hatukumbuki kuyaona yameandikwa katika orodha nyingi.

Pili barua ya chifu, ambayo aghalabu ndiyo iliyonakiliwa na hati ya kiapo. Tatu karatasi za idhini, ambapo warithi wengine wametia saini au dole gumba kwamba wamekubali fulani awe msimamizi. Hapa tuseme kwa uwazi: kukubali mtu awe msimamizi si kumpa fungu lako. Wako wanawake walioambiwa "tia dole hapa ili tumpeleke baba kwa Kadhi", wakatia, kisha wakaambiwa kwamba siku ile ndiyo waliyosamehe. Nne hati ya usimamizi yenyewe, na tano cheti cha kuthibitisha hati hiyo, ambacho kwa kawaida hakitolewi kabla ya miezi 6, na ndicho kinachotaja nani apewe nini. Palipo na hukumu ya Kadhi, mafungu yamo ndani ya hukumu.

Ili msomaji aone uzito wa jina moja, tuchukue mfano. Mtu amefariki akaacha mke, mama yake mzazi, mwana mmoja wa kiume na mabinti wawili, na mali yake baada ya madeni ni ng'ombe 96. Mke ana thumuni, ng'ombe 12. Mama ana sudusi, ng'ombe 16. Wanabaki 68, ambao wana hugawana kwa kanuni ya mwanamume mara mbili ya mwanamke: mwana 34, na kila binti 17. Sasa binti mmoja aachwe nje ya orodha. Mke na mama hawapungukiwi wala hawazidishiwi, basi hawana la kuwashtua. Lakini wale 68 watagawanywa kwa wawili, na mwana atapata 45 na zaidi, na binti aliyebaki atapata 22 na zaidi. Ng'ombe 17 wa yule asiyetajwa hawakuchukuliwa na mto wala hawakufa kwa ukame. Wameingia katika zizi la kakake na la dadake, na huyo dada huenda hajui kwamba anakunywa maziwa ya mwenziwe.

Mtauliza, je, mahakama haitangazi? Hutangaza. Ombi la usimamizi huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza mwaka 1899, na mwenye pingamizi hupewa muda usiopungua siku 30 tangu kuchapishwa. Gazeti hilo hutoka aghalabu siku ya Ijumaa, nasi hatujapata kuliona likiuzwa nje ya msikiti. Wala si gazeti la kufungia mandazi. Sheria huhesabu kwamba kila mtu ameliona.

Fikirini kuhusu mjane. Eda yake ni miezi minne na siku kumi, ila akiwa na mimba, eda huisha kwa kuzaa. Tangazo laweza kutoka, siku 30 zikangojewa zikaisha, naye bado yu ndani ya eda hajafungua mlango. Tumesikia wazee wakisema mwanamke wa eda haulizwi mambo ya mali. Hayo si maneno ya wanazuoni. Mjane wa eda anaruhusiwa kutoka mchana kwa haja yake, akarudi kulala nyumbani mwake, na kuilinda haki yake na ya mayatima wake ni haja. Na kama hataki kutoka, vijana wana simu. Matoleo ya gazeti hilo yamo katika intaneti, katika ukurasa wa Kenya Law, yakiwa pamoja na hukumu za mahakama nyingi, zikiwemo za Makadhi. Jina la marehemu likiandikwa hapo huweza kuonekana, pamoja na mahakama na namba ya jalada. Kwa aliyekosa kwa mdomo, hiyo ndiyo njia fupi ya kujua aende masjala gani.

Turudi kwa bibi yetu. Alikuta jina lake limo katika hati ya kiapo. Mamake yumo, kaka zake wawili wamo, na cheti cha kuthibitisha kimempa fungu lake sawasawa na sharia, ingawa hakupata kuliona. Tukaona uso wake umekunjuka. Kisha akaipitia orodha mara ya pili, akasema polepole, "Na dada yetu wa Hola?" Marehemu aliwahi kuoa huko kabla hajahamia Madogo, akaacha binti mmoja, na mke yule waliachana. Binti huyo hakuwamo katika hati ya kiapo, wala katika barua ya chifu, wala popote.

Tukafunua karatasi iliyofuata. Ilikuwa orodha ya wazee walioshuhudia kwamba warithi ni hao na hakuna mwingine. Saini ya tatu ni yetu.

Usiku ule tuliukumbuka. Karatasi ililetwa msikitini baada ya Isha, tukaambiwa chifu anaingoja asubuhi, tukatia saini tukiwa tumesimama. Watoto wa nyumba ile tuliwajua wote, tuliwasomesha, basi hatukuuliza kama kuna wengine. Tumefundisha faraidh kwa miaka mingi, tunajua kwamba sharti la kwanza la kugawanya ni kuwajua warithi, na hatukuuliza. Bibi yule aliyekuja kuuliza habari ya thawabu ya kusamehe alitoka akijua kwamba kaka zake wamekaa na fungu lake, na kwamba ndani ya fungu hilo kuna haki ya mwingine ambayo yeye hana mamlaka ya kuisamehe. Sisi tulitoka na jambo zito kuliko lake.

Je, aliyeachwa nje amekwisha kupotewa? La. Ikiwa hati bado haijatolewa, kuna pingamizi. Ikiwa imekwisha kutolewa, hata ikiwa imethibitishwa, mahakama yaweza kuibatilisha wakati wowote kama ilipatikana kwa kuficha jambo la msingi au kwa kusema lisilo kweli, hata kama aliyelisema hakukusudia. Sheria haikuweka mwaka wa mwisho wa kuomba hivyo. Lakini asikawie kwa kutegemea hilo, kwa maana mnunuzi aliyenunua kwa msimamizi mwenye hati hulindwa na sheria hata hati ikibatilishwa baadaye. Shamba likishauzwa, utabaki kumdai nduguyo pesa ambazo huenda ameshazila. Na yule ambaye jina lake limo lakini hajaona kitu, aiombe mahakama imwamuru msimamizi atoe hesabu. Msimamizi ana wajibu wa kuleta orodha kamili ya mali na hesabu yake, na baada ya hati kuthibitishwa amepewa miezi 6 kumaliza kazi. Palipo na mali ambayo haikuorodheshwa, kama akaunti ya benki iliyosahauliwa, iulizwe pia Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, kwani pesa zilizokaa miaka bila mwenyewe hupelekwa huko.

Wako watakaosema kwamba mwanamke kumfuata nduguye mahakamani ni kuvunja udugu. Nasi twawakumbusha mke wa Saad bin Rabii (r.a.), sahaba aliyekufa shahidi siku ya Uhud. Aliacha mke na mabinti wawili, na nduguye akaichukua mali yote kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu. Mjane yule hakukaa akalia. Aliwashika watoto wake akaenda kwa Mtume (s.a.w.), akamweleza kwamba ami yao hakuwaachia kitu. Ikateremka aya ya mirathi katika Suratun Nisaa, na Mtume akamwita ami yule akamwamuru awape mabinti thuluthi mbili, mama yao thumuni, na kinachobaki kiwe chake. Katika mafungu 24, mabinti 16, mama 3, na ami 5. Ami naye hakunyimwa. Alipewa kilicho chake, na hatukusoma popote kwamba mama yule alilaumiwa kwa kuvunja udugu.

Kaka za bibi yetu tumezungumza nao, mbele ya mama yao. Mkubwa alikasirika, akasema tunamtia aibu ilhali saini yetu imo. Ni kweli imo. Mdogo alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba namba ya simu ya dadake wa Hola, ambaye hakuwa amesema naye tangu utotoni. Tumeandika hati ya kiapo ya kurekebisha ushahidi wetu, na siku ya Jumatatu, inshaAllah, tutavuka daraja pamoja na bibi yule kuipeleka masjala, ikiwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha dada yao, ambacho mama wa Hola alikuwa amekihifadhi ndani ya kasha lake miaka yote hiyo.

Wenye majalada ambayo hawajayaona, na wangependa kusindikizwa, watukute baada ya darsa ya Alhamisi. Waje na cheti cha kifo na kitambulisho.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.